Wadukuzi na Mabati ya Kitandililo

Leo umeiona njia ya kwetu, au umeuliza watu? Misimu miwili ya viazi imepandwa, ikapaliliwa, ikavunwa, ikaliwa, na wewe hujatia mguu Kitandililo. Simu unapiga, sikatai, "bibi hujambo, bibi hujambo," kama vile uzima wangu unakaa ndani ya simu. Sogea motoni. Upepo wa Makambako hauulizi nani mgeni. Kula hivyo viazi, na usiniambie umeshiba, mashavu yako nayaona.

Sasa nikueleze ulichokosa. Unaijua ile nyumba tunayojenga pembeni ya zahanati, ya wajawazito kusubiria siku zao karibu na nesi, wasije wakajifungulia njiani kama Devotha, ambaye Juni ya mwaka jana alijifungulia kwenye ghala la mahindi la watu, upepo ukipita chini ya mlango. Kuta tulimaliza. Lilibaki paa. Fedha ya mabati ilikuwa kwenye sanduku la kikundi, kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mwanamke wake: mimi, Konsolata, na Dainess katibu. Mwezi wa kwanza akaja Enoki, mtoto wa Dorika, huyu niliyembeba mgongoni mama yake alipolala na homa. Akasema sanduku limepitwa na wakati. Fedha iingizwe kwenye mkataba wa kompyuta, anauita mkataba smati, unajifunga wenyewe na kujifungua wenyewe, na kufika Julai itakuwa imezaa mara tatu. Nikamuuliza, "Funguo anashika nani?" Akasema, "Hakuna, bibi, ndiyo uzuri wake." Nikamwambia huo ni mwanzi wa kugemea pombe ya ulanzi usio na mwenyewe, kila anayepita atainamisha kikombe anywe. Wakapiga kura, wakanishinda. Walipewa fulana.

Mwezi wa sita akatuita mkutanoni. Peace, dada yako, tumbo lilikuwa limebakiza wiki tano. Tulikaa humo humo ndani ya nyumba isiyo na paa, maana kuta zinakinga upepo. Na usisahau desturi ya kikundi chetu: anayesema mwisho anashukuru kila mkono, kwa jina na kwa kazi uliyofanya, bila kumruka mtu. Ukimruka mtu, faini kiroba cha viazi. Enoki alishatozwa mara moja, alimsahau mama yake mzazi.

Mimi kalamu siijui, lakini hotuba ikiingia sikio hili haitoki. Haya. Sasa mimi ni Enoki. Nimevaa koti la suti juu ya sweta. Nimekohoa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa pamoja na kamati yako tukufu. Waheshimiwa viongozi wa dini wa madhehebu yote, mliopo, mlio njiani na mliotuma udhuru. Mheshimiwa nesi wa zahanati, ambaye naona amesimama kwa kuwa kiti chake nimewekea begi langu. Wageni wetu mliotoka Uwemba na wakulima wenzangu wa chai mliopanda lori la majani kutoka Lupembe alfajiri kuja kujifunza kutoka kwetu. Mama yangu mzazi, Mama Dorika, ambaye safari hii nimemtaja mapema kwa sababu zinazofahamika (kicheko, na Dorika akainamisha kichwa akicheka na yeye). Bibi Esnath, mlezi wangu wa kiroho, kimwili na kimgongo. Akina mama wote wa kikundi, stekiholda namba moja wa maendeleo haya. Mabibi na mabwana, kamweneni nyote. (Watu wakaitikia kamwene. Mimi nikaitikia taratibu, nikisubiri.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu siku hii ya leo kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wenu mmekuwa mkiusifia, nikiwa Mratibu Mkuu, Mtendaji Mkuu na Msemaji Mkuu wa Mradi Jumuishi wa Sarafu ya Kidijitali ya Nyanda Koini, mradi ambao, ikumbukwe, ulizinduliwa hapa hapa kwa kishindo, kwa kwaya, na kwa fulana thelathini na moja za rangi ya parachichi, ili kumkwamua mwanamke wa Kitandililo kutoka kwenye uchumi wa sanduku na kumwingiza kwenye uchumi wa anga, kwa kutumia teknolojia ya blokucheini, ambayo kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya bibi zangu, ni mnyororo wa mabloku. (Konsolata akaniuliza pembeni, "Mabloku haya ya kujengea?" Nikamwambia, "Kama ni ya kujengea, tungeyaona.")

Naomba nitoe taarifa ya utekelezaji, na naomba niitoe kwa uwazi, kwa kuwa mimi ni muumini wa uwazi, na nyumba yenyewe tuliyomo iko wazi. (Akaangalia juu, akangoja kicheko. Akacheka fundi Sila peke yake, halafu akakumbuka kitu, akanyamaza.) Katika kipindi cha miezi mitano ya utekelezaji, kikundi chetu kimepata ongezeko la uelewa wa asilimia mia moja na arobaini, kati ya akina mama thelathini na mmoja, thelathini na wawili wamehamasika, semina zimefanyika tatu, mbili Makambako mjini na moja kwenye gari tukiwa tunarudi, na jina la Kitandililo, ambalo zamani lilikuwa likijulikana hadi Njombe tu, leo hii limefika kwenye mtandao, ambako, kwa taarifa nilizonazo, kuna watu wengi sana. (Makofi kidogo. Watu wa Lupembe walipiga kwa heshima ya ugeni.)

Ni katika hali hiyo ya mafanikio, ndugu wananchi, ndipo mafanikio yenyewe yalipovuta macho ya maadui. Maana mti usio na matunda haurushiwi mawe. Mnamo tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, majira ambayo mimi nilikuwa macho nikiwafikiria nyinyi, genge la wadukuzi wa kimataifa, wenye elimu ya juu na tabia ya chini, lilivamia mkataba wetu smati, likapenya kupitia upenyo wa kiufundi ambao hata wazungu wenyewe hawajaupatia jina, na likabeba fedha zote za mabati, kutoka kwenye anga yetu hadi kwenye anga yao. (Kila mtu alijua Julai ni mwezi ujao. Peace alikuwa ameegemea ukuta, mkono kiunoni, na upepo unamchezea kitenge. Wanawake wote wakamtazama yeye, hawakumtazama Enoki.)

Najua mnaumia. Naumia mara thelathini na moja, kwa sababu mimi naumia kwa niaba ya kila mmoja. Lakini naomba tusiangalie tukio hili kwa jicho la lawama, tuliangalie kwa jicho la fursa. Vijiji vingapi katika nyanda hizi vimewahi kudukuliwa? Havipo. Sisi ni wa kwanza. Mtu anayedukuliwa ni mtu anayeheshimika. Hakuna mdukuzi aliyewahi kusafiri kimtandao kuja kudukua sanduku. (Dainess akasema kwa sauti, "Sanduku halikuwahi kupungua shilingi." Mwenyekiti wa Mtaa akasema, "Dada Dainess, maswali mwisho." Dainess akasema, "Hilo siyo swali.") Na napenda kuwatoa hofu kwamba, kitakwimu, hali ya usalama wa fedha zenu imeimarika kwa kiwango cha juu, kwa kuwa tangu tarehe hiyo ya kumi na nne hasara imeshuka kwa asilimia mia moja, kwa sababu ya wazi kwamba hakuna kilichobaki cha kupotea. (Watu wa Lupembe wakaacha kupiga makofi.)

Hatua zilizochukuliwa ni nyingi, na naomba nizitaje kwa kifupi kwa sababu ya baridi. Kwanza, nimesikitika. Baada ya kusikitika nimeunda kamati ya ufuatiliaji, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, katibu wake na mjumbe wake, ili kupunguza posho. Kamati imekaa vikao vinne. Imejiridhisha. Imependekeza kwamba, kwa kuwa moto huzimwa kwa moto, kikundi kichange upya, kwa kiwango kile kile, tufungue mkataba smati wa pili utakaokwenda kuulinda ule wa kwanza. (Hapo Konsolata akasimama. Konsolata huwa hasimami, magoti yanamsumbua. Akasema, "Mwanangu Enoki, mimi niliuza nguruwe. Nguruwe mwenye mimba. Nataka kujua tu, wakati wanaiba, wewe uliona nini?" Enoki akasema, "Mama, siyo kitu cha kuonekana kwa macho." Konsolata akasema, "Basi waliokiona ni wezi tu," akakaa.)

Swali zuri sana, mama, na linaonyesha jinsi semina zilivyofanya kazi. Niseme hivi, kuhusu nyumba hii ya wajawazito: serikali ya mtaa ipo, kikundi kipo, kuta zipo, anga ipo. Hata huo upepo una faida zake kiafya, nesi anaweza kunisahihisha. (Nesi akasema, "Hauna." Kila mtu alimsikia isipokuwa Enoki.) Na kwa wale dada zetu wanaotarajia mwezi ujao, Mratibu wenu anawaomba, kwa upendo na kwa kuzingatia ratiba ya mradi, wavute subira. (Hapo, mjukuu wangu, hata mbuzi wangecheka. Peace akasema, wala hakuinua sauti, "Kaka Enoki, nimvutie subira nani, huyu aliye ndani?" Kicheko kikapasuka, wakacheka hadi wazee wa kanisa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu vichwa vya wanawake walioleta vitenge vizito, vya kumkinga Peace siku yake ikifika bila paa.)

Ndugu wananchi, naomba nielekee mwisho kwa kaulimbiu yetu. Nikisema Nyanda Koini, mnasema Iko juu. Nyanda Koini. (Konsolata: "Iko wapi?") Nikisema Mkataba smati, mnasema Tunaulinda. Mkataba smati. (Mtoto mmoja peke yake akasema Tunaulinda, mama yake akamfinya.) Nikisema Kidijitali, mnasema Hatutarudi nyuma. Kidijitali. (Fuso iliyoleta viti na turubai ilikuwa imeegeshwa nje ya mlango, dereva wake, Valeriani, akajibu kwa kupitiwa, "Hatutarudi nyuma," akiwa anarudisha gari nyuma. Hapo nilicheka, siwezi kukudanganya.)

Basi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa hapa, na kwa kuwa desturi ya kikundi hiki naiheshimu kuliko hata kanuni za mradi (akamtazama mama yake, na mama yake akatikisa kichwa kumhimiza), naomba nishukuru, na naomba nishukuru kila mkono, bila kumruka mtu, maana viazi mwaka huu vimepanda bei. (Makofi. Makofi ya kweli, hayo. Ndiyo yaliyomponza. Enoki akisikia makofi anakuwa kama ng'ombe aliyefunguliwa.)

Namshukuru Mwenyekiti kwa kiwanja na kwa kunyamaza pale palipohitaji kunyamaza. Nawashukuru wanakwaya kwa wimbo. Namshukuru mama yangu mzazi kwa kunizaa, kunilea, na kunilindia. Namshukuru dereva Valeriani kwa kutuletea viti kwa fuso ya kukodi, ambayo nimeilipia mwenyewe hadi saa kumi na mbili jioni. Namshukuru kijana wa pale stendi Makambako aliyechora ile nembo ya parachichi lenye mabawa kwenye fulana zenu, kazi nzuri mno, ambayo hadi leo ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika. (Dainess akaacha kuandika, akainua kichwa.) Namshukuru kwa namna ya pekee mtaalamu wetu wa kompyuta, ambaye jina lake nimelihifadhi kwa usalama wake, kwa uvumilivu aliouonyesha, kwani hadi leo hii ule mkataba smati hajaanza kuuandika, kwa kuwa kianzio chake bado hatujampa, lakini ameahidi kwamba siku akipewa ataandika mzuri sana. (Hapo upepo wenyewe ulitulia. Akaendelea, mjukuu wangu. Alikuwa na orodha.) Namshukuru Bwana Hilario wa duka la vifaa vya ujenzi Makambako, ambaye mwezi ule ule wa kwanza, jioni ile ile nilipotoka kukabidhiwa fedha hapa, alinifungulia duka lililokwisha kufungwa na kuniuzia mabati tisini na sita ya geji nzuri kwa bei ya jumla, kwa ajili ya makao makuu ya mradi, ambayo kwa sasa yanajengwa katika muundo wa nyumba ya wageni yenye vyumba saba. Na siwezi kumruka fundi Sila (Sila alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia), kwa msimamo wake wa kukataa kupigilia hata bati moja mpaka nimlipe, hivyo mabati yote yapo, mapya, hayana tundu, uani, chini ya turubai, chini ya ulinzi wa mama yangu. Kwa hayo machache, naomba kuwa-

Hapo Enoki akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona. Mdomo ulibaki wazi na neno likakaa mlangoni, halitoki wala halirudi.

Konsolata akauliza, pole pole, kama mtu anayeuliza bei ya karanga: "Sasa wale wadukuzi, Enoki, waliingia wapi, kama mlango wenyewe haujachongwa?"

Aliyesimama ni Dorika. Nilidhani anakwenda kumfunika mwanawe, na ningemwelewa, mama ni mama. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa geti la uani kwake. Akasema, "Aliniambia ni mabati ya kikundi, anayatunza kwetu yasiibwe hapa. Miezi mitano nalala nikiyasikiliza upepo ukivuma. Nilikuwa nawatunzia ninyi." Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa, akauweka mkononi mwangu. Ulikuwa wa moto. Akarudi akasimama karibu na mwanawe, hakumgusa.

Enoki akasema, kwa ile ile sauti ya kipaza, "Bibi, suala hili lina mchakato."

Nikamwambia, "Mchakato ni huu: fuso imelipiwa hadi saa kumi na mbili. Sasa hivi saa ngapi, Valeriani?"

Valeriani akasema, "Saa nane, bibi."

Wanawake thelathini tulipanda fuso ya viti. Peace alitaka kupanda, nikamrudisha na maneno ambayo sitayarudia mbele ya chakula. Watu wa Lupembe, ambao wamezoea kupakia majani ya chai kabla lori halijaondoka, walitupangia mabati yale bila hata moja kukunjika. Tulirudi kabla jua halijashuka, tunaimba ule wimbo wa uzinduzi, tumebadilisha maneno. Sila akasema atapigilia bila kulipwa, kwa aibu ya kuwa alijua na hakusema. Nikamwambia aibu ni mshahara mzuri, ila chakula atakula.

Wengine walitaka Enoki apelekwe polisi, na nguruwe wa Konsolata na zile fedha za semina bado ni kesi, Mwenyekiti wa Mtaa ameandika, na mimi nitahakikisha hanyamazi tena. Lakini mtoto niliyembeba simtupi, namtumia. Tumempa kazi ya kushika ngazi, kila siku, kuanzia asubuhi hadi Sila ateremke, na mama yake anamletea uji hapo hapo, anampa bila maneno. Sanduku limerudi. Kufuli sasa ni nne. Ya nne anayo Dorika.

Upande wa magharibi umeshafunikwa, na humo ndimo Peace analala tangu juzi, nesi yuko ng'ambo ya ukuta. Bado upande wa mashariki, unakotokea upepo, na misumari imeisha.

Kwa hiyo ukija tena, na usiniambie Krismasi, uje Jumamosi hii, usianzie kwangu. Pitia zahanati kwanza. Uje na misumari ya bati, ile yenye kofia, kilo nne, na usinunue ya bei rahisi. Ukimkuta Enoki chini ya ngazi, msalimie, ni ndugu yako. Ila usimpigie makofi hata akikuchekesha vipi. Akiyasikia tu, ataachia ngazi aanze kuhutubia, na Sila yuko juu.